Majani Yaliyolowa Hayana Freni

Hotuba iliyotolewa Lubumbashi, mwezi wa kumi, mbele ya walinzi wa viwanja vidogo vya ndege, wauguzi, wapakiaji wa mizigo na marubani wa Haut-Katanga

Wazee wetu, baba na mama, wandugu walinzi wa viwanja mliotoka Pweto, Kasenga, Mitwaba na mbali zaidi, na ninyi marubani mliokaa nyuma kabisa kama wanafunzi waliochelewa: jambo yenu.

Mvua ya kwanza iko karibu. Tangu mwezi wa tano udongo umekuwa mgumu, majani yamekauka, na ndege ndogo zimetua kwenu bila taabu kubwa, ukiacha ule moshi wa mwezi wa nane na wa tisa wakati pori linaungua. Kiwanja kilichokuwa kizuri wakati wa kiangazi kinaweza kuwa mtego mwezi wa kumi na mbili. Na ubaya wake ni kwamba kwa macho kinapendeza zaidi: kijani, laini, unatamani kulala juu yake.

Watu wakisikia ndege imevunjika kwenye kiwanja cha majani, kwanza huuliza motere. Wakati wa kutua, mara nyingi motere ni nzima. Kinachoshindwa ni hesabu ya mwendo, urefu na mshiko wa ardhi, na nusu ya hesabu hiyo haiko mikononi mwa rubani. Iko mikononi mwa anayekata majani na anayejibu kwenye foni. Hayo ndiyo yaliyotuleta hapa.

Tuiangalie ajali yenyewe polepole. Ndege kama Cessna 206 hutua kwa miguu miwili mikuu iliyo chini ya mwili wake. Miguu hiyo ni chuma kinachopinda na kurudi, imetengenezwa ipigwe. Mguu wa pua ni kitu kingine. Ni bomba lenye mafuta na gesi ndani, na kazi yake ni kuelekeza na kubeba sehemu ndogo ya uzito. Sasa rubani amekuja na mwendo wa ziada. Ndege haitaki kukaa. Inaelea juu ya majani mita mia, mita mia mbili, na miti ya mwisho inakua kwenye kioo. Anasukuma pua chini ili ikae kwa lazima. Pua inatangulia kugusa na kurushwa juu. Anasukuma tena, lakini mkono wake sasa umechelewa: anasukuma wakati ndege imekwisha kuanza kushuka, anavuta wakati inapanda, na kila mruko unauzidi uliotangulia. Mruko wa tatu mara nyingi ndio unaovunja uma wa gurudumu la pua. Bomba linalala nyuma, helisi (panga la mbele linalovuta ndege) inakata udongo, na ardhi ikiwa laini pua inachimba, mkia unapita juu. Watu wananing'inia kwenye mikanda, vichwa chini. Toka mguso wa kwanza hadi hapo ni sekunde chache tu.

Dawa inajulikana: mruko wa kwanza tu, fungua motere yote, ondoka, zunguka, uje upya. Lakini dawa hiyo inataka nafasi mbele. Kwenye kiwanja cha kuingilia upande mmoja, chenye mlima mwishoni, hakuna kuondoka tena. Hapo uamuzi hufanyika ndege ikiwa bado mbali hewani, na rubani ambaye hajaweka alama yake ya kuamua (ule mti, kile kibanda) ameshaamua bila kujua.

Mwendo wa ziada unatoka wapi? Kwanza, hewa yetu. Luano, kiwanja cha ndege cha Lubumbashi, iko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Mwezi huu, saa nane mchana, joto likifika digrii 30, hewa inakuwa nyepesi kama ile ya mita 2,150. Saa ya mwendo ndani ya ndege inamwonyesha rubani kilomita 120 kwa saa. Magurudumu yanakutana na ardhi kwa karibu 133. Saa haidanganyi, ndivyo inavyopima: inahesabu nguvu ya hewa, na hewa ni haba. Ila nguvu ya kuzima kwa freni imeongezeka kwa karibu robo, kwa sababu nguvu hiyo hupanda kwa mwendo mara mwendo. Rubani aliyezoea pwani huona ardhi inakimbia chini yake, akapunguza mwendo kwa kuamini macho, na hapo ndege inaweza kumwangukia kabla ya kufika. Aamini saa.

Macho yanadanganya pia kwa umbo la kiwanja. Kiwanja chembamba, au kinachopanda mlima, humfanya rubani aone kama yuko juu mno. Anashuka, anakuja chini ya vilele vya miti. Kinachoteremka hufanya kinyume: anajiona yuko chini, anafika akiwa juu. Na urefu una bei. Kwa mteremko wa kawaida wa kutulia, kila mita 3 za ziada juu ya mwanzo wa kiwanja zinakula karibu mita 57 za majani mbele.

Sasa chukueni kalamu. Tuseme kitabu cha ndege, kwa uzito wa leo, joto la leo na mahali penu, kinatoa mita 450: kuanzia ndege ikiwa mita 15 juu ya mwanzo wa kiwanja mpaka isimame. Hiyo ni juu ya lami kavu, bila upepo, ndege mpya, rubani wa kiwanda. Kiwanja chenu kina mita 800. Mtu atasema kuna nafasi ya kucheza mpira pale mwishoni.

Majani makavu juu ya ardhi ngumu: zidisha kwa 1.15. Mita 518. Hakuna neno. Majani yaliyolowa: acha 1.15, shika 1.35. Mita 608. Kiwanja kinateremka mita 2 kila mita 100 kwa upande wa kutulia: 1.1. Mita 668. Upepo unasukuma kutoka nyuma, mdogo tu, kilomita 12 kwa saa, yaani sehemu ya kumi ya mwendo wa kukaribia: 1.2. Mita 802.

Kiwanja mita 800, ndege mita 802. Na rubani hajafanya kosa hata moja ndani ya hesabu hiyo, ukiondoa lile la kuja.

Vipimo hivi ndivyo mamlaka ya anga ya Uingereza inavyowapa marubani wa ndege ndogo, nayo inawaambia wazidishe mwishoni kwa 1.43 ili wabaki na akiba. Siku kavu: 518 mara 1.43 ni mita 740. Inaingia. Siku ile nyingine: mita 1,147. Haiingii, na hakuna maombi yatakayoiingiza. Angalieni pia mahali wengi wanapopotelea: wanajumlisha. Asilimia 35, na 10, na 20, jumla 65. Wanapata mita 743 na kusema inatosha. Vipimo hivi havijumlishwi. Kila kimoja kinazidisha kile kilichokwisha kuzidishwa.

Kwa nini majani yaliyolowa ni mabaya hivyo? Shika jani bichi lenye maji, lisugue katikati ya vidole viwili. Unasikia utelezi? Gurudumu likibanwa na freni linaacha kuzunguka, linasaga majani, linapanda juu ya maji na utomvu wake. Mifereji ya pine (mpira wa gurudumu) inajaa matope, pine inakuwa laini kama kisigino cha kandambili iliyochakaa. Rubani anakanyaga zaidi, ndege haipungui. Inaanza kwenda upande. Njia ni kubana kidogo, kuachia, kubana tena, na kuvuta usukani nyuma muda wote ili uzito ukae kwenye miguu mikuu na pua ibaki nyepesi mpaka mwendo wa mtu anayetembea.

Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: majani mafupi sana yakilowa ni mabaya zaidi. Kipimo kinaweza kufika 1.6. Pale ambapo mbuzi wamekula mpaka kwenye udongo, mvua ikipita kunabaki ngozi ya matope na vishina, hakuna kitu cha kushika. Mbuzi si mashine ya kukatia majani ya kiwanja, hata kama mwenye mbuzi ni ndugu wa chifu.

Basi majani yawe marefu kiasi gani? Yasizidi sehemu tatu kwa kumi za urefu wa gurudumu dogo kabisa la ndege inayokuja. Gurudumu la pua la kipimo cha 6.00-6 lina karibu sentimita 44 kutoka chini hadi juu. Kwa hiyo sentimita 13 ndio mwisho. Kateni yabaki kama 8 au 10, mpige kupekupe (panga la kufyekea) kila yanapofika 13, na katika mvua za mwezi wa kwanza mtayafuata kila wiki. Majani mliyokata myaondoe. Yakiachwa yanalala kama mkeka uliolowa, na huo unateleza kuliko majani yaliyosimama.

Mashimo na vichuguu. Katanga yetu inajulikana kwa vichuguu vikubwa kama nyumba, lakini hivyo havimuui mtu, kwa kuwa vinaonekana. Kinachoua ni kichuguu kilichokatwa kichwa na kuachwa na tumbo lake. Juu pamesawazishwa, chini kuna vyumba. Mvua inalowesha paa, gurudumu linapita, linazama. Chimba mpaka umtoe malkia, jaza kokoto nyekundu kidogo kidogo, sentimita 15 kwa mara moja, ushindilie kila tabaka kabla ya kuweka jingine. Shimo la mhanga au la panya lifanyiwe hivyo hivyo. Udongo uliotupwa tu ndani ya shimo hushuka na mvua ya pili, na sasa shimo lina kifuniko cha majani mazuri.

Mawe ya chokaa pembeni mwa kiwanja ni mapambo ya hatari. Gurudumu likitoka mita moja nje, jiwe linavunja mguu. Tumieni pine za zamani zilizozikwa nusu, zipakwe rangi nyeupe. Na kumbukeni upana wa mabawa: Cessna 206 ina karibu mita 11 kutoka ncha hadi ncha. Kichaka kilicho mita 8 kutoka mstari wa katikati kinaacha mita 2 na nusu tu kwa ndege inayokwenda sawa sawa, na ndege kwenye majani haziendi sawa sawa.

Ugumu wa udongo mtaupima kwa nini? Wenye gari walipitishe wakiangalia alama. Wasio na gari wana kinga, yaani baiskeli. Pine kubwa za 206 zina upepo wa karibu bar 3, na kinga iliyopakiwa vizuri haiko mbali na hapo. Kinachozama chini ya moja kinaelekea kuzama chini ya nyingine. Pakia magunia mawili ya makala ya kupikia (makaa), isukume katikati ya kiwanja mwanzo hadi mwisho, halafu ulaze kidole kwenye alama. Kidole kikiingia chote, sema "laini". Si kipimo cha maabara, lakini ni bora mara mia kuliko kusimama mlangoni na kuangalia. Lori lisipite kabisa wakati wa mvua. Mifereji yake ikikauka inakuwa migumu kama saruji, tena huwa imekatiza kiwanja, ikilingojea gurudumu la pua.

Tufike kwenye foni. Rubani anauliza: kiwanja kiko namna gani? Jibu: "Kiko muzuri." Wandugu, hilo si jibu, hiyo ni salamu. Tunajua linatoka wapi. Ndege inaleta dawa, chumvi, mshahara wa walimu. Kuna mgonjwa anasubiri chini ya mwembe. Kila mtu anataka ije, na mlinzi anaogopa kuwa yeye ndiye aliyeizuia. Kwa hiyo sema namba tu, uache namba zikatae zenyewe. "Majani sentimita 10. Yamelowa, mvua iliisha saa kumi na mbili asubuhi. Udongo mgumu mita 600 za kwanza toka upande wa mto, halafu laini. Upepo unatoka mlimani, soksi ya upepo imeinuka nusu. Watu na wanyama hakuna." Nusu dakika. Rubani mwenye akili anaweza kufanya hesabu yote kwa maneno hayo. Na umande ni mvua: kama viganja vinalowa saa mbili asubuhi, sema yamelowa, hata kama mbingu ni safi tangu juzi.

Ninyi wenye ndege mlioko hapa: mlinzi aliyesema udongo ni laini alipwe siku hiyo sawa na siku nyingine. Mkimkata, mwezi ujao atawaambia kiko muzuri.

Soksi ya upepo iwe na urefu wa mita 3.6 na mdomo wa sentimita 90, rangi mbili zinazopishana, mbali na miti. Gunia la unga lililotundikwa badala yake hukaa limekunjamana mpaka upepo uwe mkali, na upepo mdogo wa nyuma ndio ule uliotupeleka mita 802.

Mizigo, kwa ufupi. Uzito ukizidi kwa sehemu ya kumi, kutua kunarefuka kwa sehemu ya kumi, kwa hiyo mizani iwe ya kweli na mifuko iliyofichwa chini ya kitenge ipimwe pia. Gunia la kilo 50 lisilofungwa, ndege ikisimama kwa ghafla ya mara tisa ya uzito, linasukuma kama kilo 450, na mbele yake kuna mgongo wa mtu. Nyavu na mikanda, kila safari.

Mlango. Hapa tukae kidogo. Cessna 206 nyingi zina mlango mmoja wa mbele, upande wa rubani, na mlango wa mizigo wa vipande viwili nyuma kulia. Wakati wa kutua rubani anateremsha vile vipande vya nyuma ya bawa, na kikiwa chini, kipande cha kulia kinazuia nusu ya mbele ya mlango wa mizigo. Watu wamekwisha kufa ndani ya ndege nzima kwa sababu hiyo, hasa zilizoanguka majini. Kutoka kuna mpangilio: zungusha kipini cha nusu ya mbele, usukume nusu hiyo kadiri itakavyokubali, sentimita chache tu. Ingiza mkono kwenye mwanya. Kwenye ukingo wa nusu ya nyuma kuna kipini chekundu. Kizungushe kuelekea mbele. Sukuma nusu ya nyuma kwa nguvu. Abiria waonyeshwe hili kabla ya kupaa, kila mmoja akiguse kile kipini kwa mkono wake, maana ndege ikiwa kichwa chini hakuna atakayesoma maandishi. Na anayening'inia asifungue mkanda kabla ya kuweka mkono mmoja kwenye dari. Shingo nyingi huumia hapo, ajali ikiwa imekwisha.

Ninyi mnaokimbilia ndege iliyoanguka: msipite mbele yake. Helisi inaweza kugeuka hata motere ikiwa imezima. Njooni toka upande upepo unakotoka. Hakuna sigara, hakuna simu, hakuna mama kuja na mbabula (jiko la makaa). Mafuta ya motere za pistoni ni ya rangi ya buluu na mvuke wake unatambaa chini ya majani mbali kuliko unavyofikiri. Rubani akiwa na fahamu afunge mafuta na kuzima umeme mkuu. Akiwa hana, mwulizeni mwenzake vipini viko wapi, au mjifunze leo. Moto wa mafuta haupigwi maji, mafuta yataelea na kusafiri. Unga wa kuzimia moto upigwe chini ya miali, na ujue chupa ya kilo 9 huisha ndani ya nusu dakika. Itumike kufungua njia ya watu. Ndege iache iungue.

Watu wakishatoka, msiguse. Kifaa cha kuita msaada cha megahezi 406 kiachwe kikiwaka. Sheria ya kimataifa ya uchunguzi wa ajali, ile Nyongeza ya 13 iliyopitishwa mwaka 1951, inasema uchunguzi ni wa kuzuia ajali nyingine, si wa kutafuta wa kufunga, na kwetu kazi hiyo ni ya BPEA, ofisi ya nchi yetu ya kuchunguza ajali za ndege. Lakini wachunguzi hawatafika kabla ya mvua ya jioni. Kwa hiyo tandazeni bashi (turubai) juu ya alama ya mguso wa kwanza na ya mruko wa pili, pigeni picha mkiwa mmeweka kiatu kando kama kipimo, na pimeni kwa kamba kutoka mwanzo wa kiwanja. Ncha za helisi pia: zikipinda mbele, mara nyingi motere ilikuwa inavuta, zikipinda nyuma, ilikuwa imepunguzwa.

Kisha kuna ajali inayokuja siku tatu baadaye. Mwenye ndege analeta helisi nyingine, wananyoosha uma, wanasema irudi Lubumbashi polepole. Helisi iliyosimamishwa na udongo imelipiga fimbo kuu la motere, lile linaloizungusha, hata kama ilikuwa inazunguka taratibu. Watengenezaji wanataka motere ifunguliwe na kukaguliwa ndani kabla ya kuruka tena. Angalieni pia ukuta wa chuma nyuma ya motere, chini, mahali mguu wa pua unaposhikiliwa: bati likiwa na mikunjo, au ribiti zina duara jeusi la vumbi pembeni, ndege hiyo inarudi kwa barabara, juu ya lori.

Kamba za mita 50 ziko kwenye meza ya mlangoni, zimefungwa kitambaa chekundu kila mita 10. Kila kiwanja kichukue moja. Viwanja vingi vimeandikwa mita 800 tangu enzi za wazazi wetu, na pori limekula kutoka kila upande. Pimeni kwenda na kurudi. Mkipata tofauti ya zaidi ya mita 5, rudieni. Mita zile tu ambazo gurudumu linaweza kupita ndizo zihesabiwe, na namba hiyo ibandikwe ukutani, juu ya foni.